Effata: Mtoto Anayeketi Nyuma Darasani

Mtakatifu Marko anasimulia, katika sura ya saba ya Injili yake, kwamba Bwana wetu Yezu Kristu alitoka katika nchi ya Tiro na Sidoni, akapita katika Dekapoli, akafika karibu na ziwa la Galilaya. Huko watu walimletea mtu aliye kiziwi, ambaye ulimi wake ulikuwa mzito wa kusema. Wakamsihi Yezu amwekee mkono. Yezu akamtoa katika umati, akaenda naye kando peke yake. Akatia vidole vyake katika masikio ya mtu yule, akagusa ulimi wake kwa mate, akatazama mbinguni, akavuta pumzi kwa huzuni, akanena neno moja la lugha yake: Effata, maana yake ni kumwamuru afunguke. Papo hapo masikio yakafunguka, kifungo cha ulimi kikalegea, na mtu yule akasema vizuri.

Mkatekumeni analijua neno hili, au atalijua. Katika matayarisho ya mwisho kabla ya Ubatizo wa watu wazima, Padri hugusa masikio na midomo ya kila mmoja akitamka neno lile lile, Effata, ili mtu apate kulisikia Neno la Mungu na kuikiri imani mbele ya watu. Basi hakuna anayeingia katika Eklezia kwa masikio yaliyojifungua yenyewe. Kila Mkristu ni kiziwi aliyefunguliwa. Mtu aliyepewa neema kubwa namna hiyo anawezaje kumtazama mtoto asiyemsikia mwalimu, asiyeuona ubao, au asiyeshika hesabu, na kusema kwamba mtoto huyo hana maana, akae nyumbani achunge mbuzi?

Watoto wa namna hiyo hawakosekani vijijini. Mmoja huketi nyuma darasani, kimya, mwaka wa kwanza na mwaka wa pili katika darasa lile lile, kisha haonekani tena. Mwingine hajafika shuleni hata siku moja, kwa sababu wazazi wake wanamficha nyumbani wageni wanapokuja. Injili ya kiziwi inawafundisha wazazi, walimu na wote wanaojitayarisha kubatizwa mambo manne juu ya watoto hao.

JAMBO LA KWANZA: WALIMLETA

Kiziwi yule hakuja mwenyewe. Hakuweza kusikia habari kwamba Yezu anapita. Watu wengine, ambao Injili haitaji hata majina yao, walimwona, wakafahamu shida yake, wakamshika mkono, wakamleta. Muujiza wote ulianza kwa macho ya majirani.

Ndivyo ilivyo kwa mtoto. Mtoto ambaye tangu kuzaliwa haoni mbali hajui kwamba wengine wanaona mbali. Anadhani ubao umefunikwa na ukungu kwa watu wote. Mtoto asiyesikia vizuri hasemi kwamba hasikii. Hunyamaza, au hucheka anapowaona wenzake wakicheka. Mtoto ambaye akili yake inakwenda polepole hawezi kueleza kwa nini maneno ya jana yamepotea leo. Mtoto hawezi kujitambua. Watu wazima ndio wanaopaswa kumtambua.

Alama zake si siri. Yule anayeleta kitabu karibu sana na uso, anayefumba jicho moja akisoma, anayejikwaa jioni mahali ambapo wenzake hawajikwai, huenda macho yake ni mabovu. Yule anayegeuza daima sikio moja, anayejibu swali ambalo hakuulizwa, anayesema kwa sauti kubwa mno, au ambaye sikio lake linatoka usaha, huenda hasikii. Yule anayebadilisha herufi na kuzisoma kinyume miezi mingi baada ya wenzake kuacha, ingawa kwa kinywa anaeleza mambo vizuri, si mvivu. Kusoma kwenyewe ndiko kunamshinda. Yule anayekaza macho ghafla, asijibu kitu, kisha akarudi kama aliyeamka usingizini, labda ana kifafa cha namna isiyoangusha mtu. Na yule aliyechelewa kuketi, kutembea na kusema, na sasa anacheza tu na watoto wadogo kuliko yeye, anahitaji kufundishwa kwa hatua fupi zaidi. Mzazi mwenye busara humlinganisha mtoto wake na watoto wa umri wake, wala si kwa kumdharau, bali kwa kutaka kujua.

Lakini mara nyingi kinachozuia watu wasimlete mtoto si kutojua. Ni haya, tena ni woga. Katika Injili ya Mtakatifu Yohane, sura ya tisa, hata wafuasi wa Yezu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yezu alikataa yote mawili: si yeye, wala si wazazi wake, bali kazi za Mungu zionekane ndani yake. Jibu hilo lingetosha kuzima maneno yote yanayosemwa usiku juu ya mtoto mlemavu: kwamba ametupiwa ulozi, au kwamba yeye mwenyewe ni mlozi aliyekula bahati ya jamaa.

Maneno hayo yameua. Katika Kongo watoto wengi wamefukuzwa nyumbani, wamenyimwa chakula, wamechomwa na kupigwa kwa kuitwa walozi. Na mtoto mwenye kifafa, au mwenye ulemavu wa mwili au wa akili, ni mwepesi kushitakiwa kuliko wengine. Sheria ya nchi ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi, na inaadhibu anayefanya hivyo. Sheria ya Mungu ilikataza zamani zaidi, katika amri ya tano na ya nane. Mkatekumeni anayempeleka mtoto wake kwa mfumu ili atafutiwe mlozi, kisha akaja Jumapili kuomba Ubatizo, anataka kutembea njia mbili kwa miguu miwili.

Sababu za kweli zinajulikana, na nyingi zina dawa au kinga. Surua huweza kuharibu macho na masikio, nayo huzuiwa kwa chanjo. Homa ya uti wa mgongo na malaria kali huweza kuacha uziwi au uzito wa akili, kama mgonjwa akicheleweshwa. Karibu na mito yenye maji ya kasi, inzi wadogo weusi huleta ugonjwa wa macho unaopofusha, na dawa yake hugawiwa vijijini kila mwaka. Katika nchi ya Kwango, watoto na akina mama wamekakamaa miguu ghafla kwa ugonjwa uitwao konzo, kwa sababu mihogo michungu ililiwa kabla ya kulowekwa vya kutosha. Macho hudhoofika pia kwa kukosa vyakula kama mafuta mekundu ya mawese, sombe na maembe. Kifafa hakiambukizi, na wengi hupata nafuu kubwa wakimeza dawa kila siku bila kuacha. Kwa hiyo mlango wa kwanza wa kubisha ni wa kituo cha afya.

JAMBO LA PILI: ALIMTENGA KANDO

Yezu hakumponya kiziwi yule katikati ya umati uliokuwa ukikodoa macho. Alimtoa, akawa naye peke yake. Kwa saa ile mtu huyo mmoja alikuwa shughuli yake yote.

Mwalimu wa shule ya kijiji ana watoto wengi mno. Darasa la kwanza laweza kuwa na watoto sitini, sabini au zaidi, na viti havitoshi. Hata hivyo mwalimu anaweza kumwita mmoja wakati wa mapumziko na kumchunguza bila kumtia aibu. Asimame nyuma yake hatua tatu, ataje kwa sauti ndogo vitu vilivyowekwa mezani, kalamu, jiwe, jani, na mtoto avionyeshe kwa kidole. Achore katika karatasi herufi E, kubwa na ndogo, miguu yake ikielekea juu, chini, kuume na kushoto. Asimame hatua sita mbali, na mtoto aonyeshe kwa vidole upande ambao miguu ya herufi inaelekea. Kazi hiyo haihitaji fedha. Haitoshi kumjulisha mwalimu ugonjwa wenyewe, maana hiyo ni kazi ya waganga. Lakini inatosha kumjulisha ni mtoto gani wa kupelekwa kwao, na ni nani wa kuketishwa mbele kuanzia kesho.

Kisha mwalimu aende nyumbani kwa wazazi, wala asiwaite mbele ya watu. Aanze na jambo jema analoliona kwa mtoto, ndipo aseme shida. Mama aliyesikia miaka sita kwamba amezaa mkosi ataona ajabu kusikia mtu mwenye elimu akimsifu mwanawe, na moyo wake utafunguka.

Maneno ya dhihaka ni mabaya kuliko fimbo. Wahenga walisema: hujafa hujaumbika. Anayemcheka kilema leo hajui yeye mwenyewe atafikaje mwisho wa siku zake. Na anayemwita mtoto mjinga akumbuke Mtakatifu Yohane Maria Vianney, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1786. Aliingia shule akiwa amechelewa, kwa ajili ya ghasia za nchi yake, na Kilatini kilimshinda hata akaondolewa katika seminari kuu ya Lyon. Padri Balley, paroko wa Écully, hakumwacha. Alimchukua nyumbani kwake, akamfundisha peke yake, polepole, kwa Kifaransa alichokielewa. Mwaka 1815 akapewa Upadri. Alitumwa Ars, kijiji kidogo, na watu wakamiminika huko kutoka mbali ili kuungama kwake. Mwaka 1925 Eklezia ilimtangaza kuwa Mtakatifu, na mwaka 1929 akawekwa kuwa msimamizi wa maparoko wote. Kama Padri Balley angesema kwamba kichwa hiki ni kigumu, Eklezia ingalikosa nini?

JAMBO LA TATU: ALIMGUSA MASIKIO

Yezu angeweza kuponya kwa neno tu. Lakini mtu yule hakusikia maneno. Basi Yezu alisema naye kwa vidole. Alionyesha masikio, alionyesha ulimi, alionyesha mbingu. Kabla ya kumfungua, aliingia kwake kwa mlango uliokuwa wazi. Hiyo ndiyo siri yote ya kumfundisha mtoto mwenye shida: kama mlango wa masikio umefungwa, mwalimu aingie kwa macho; kama wa macho umefungwa, aingie kwa mikono; kama akili haichukui mzigo mkubwa, agawe mzigo.

Padri mmoja wa Paris, Charles-Michel de l'Épée, aliyeishi kati ya mwaka 1712 na 1789, alijifunza jambo hilo katika nyumba ya mjane mmoja. Mjane huyo alikuwa na mabinti wawili viziwi. Padri aliyekuwa akiwafundisha dini kwa picha alikuwa amefariki, na mama aliogopa kwamba wanawe watakufa bila kuujua ukweli wa imani. Padri de l'Épée akaanza na katekisimu. Hakuwalazimisha viziwi wote waseme kama wanaosikia. Alitazama ishara ambazo wao wenyewe walikuwa wakitumia, akazifanya njia ya kufundishia kusoma na kuandika. Nyumba yake ikawa shule, akiwapokea maskini bila malipo. Mwaka 1791, baada ya kifo chake, taifa liliichukua shule hiyo kuwa shule ya serikali. Huruma ya mtu mmoja kwa watoto wawili ikawa kazi ya nchi nzima.

Louis Braille naye alizaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray, Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Alipokuwa na miaka mitatu, mtoto alichezea chombo kikali cha kazi, akajichoma jicho. Ugonjwa ukahamia jicho la pili, akawa kipofu. Hakufichwa. Paroko wa kijiji alimfundisha, na mwalimu wa kijiji akamkubali darasani pamoja na wanaoona. Baadaye alipelekwa Paris katika shule ya vipofu, na huko, akiwa bado kijana wa miaka kumi na mitano, alitunga maandishi ya nukta sita zinazosomwa kwa vidole. Vipofu wa dunia nzima wanayatumia hata leo, katika Kongo pia. Mlango wa kwanza wa baraka hiyo ulikuwa mlango wa shule ya kijiji ambao mwalimu hakuufunga.

Mwalimu asiye na vyombo vya Paris bado ana mengi mkononi. Anaweza kumketisha karibu mtoto asiyeona na asiyesikia. Anaweza kuacha kusema akiwa ameelekea ubao, ili mtoto auone mdomo wake. Anaweza kuandika herufi kubwa, na kusoma kwa sauti yale aliyoandika. Anaweza kufundisha hesabu kwa vijiti na kwa mbegu za kunde, kutoa sehemu moja ya kazi badala ya kazi nzima, kumwuliza kwa kinywa yule ambaye mkono wake haushiki kalamu, na kumpa muda zaidi. Anaweza kumpa kila mmoja rafiki wa kuketi naye na kumwongoza. Wazazi wanaweza kusawazisha udongo mlangoni mwa darasa ili mtoto wa miguu dhaifu aingie bila kutambaa. Vitu hivyo huwasaidia pia watoto wengine wote. Hakuna mtoto anayepotewa na chochote mwalimu akisema polepole na kuonyesha wazi.

JAMBO LA NNE: ALISEMA MBELE YA WATU

Kiziwi alitengwa kando kwa muda, lakini hakuachwa kando. Ulimi wake ulifunguliwa ili aseme na watu, nao wakastaajabu na kukiri kwamba Yezu amefanya yote vema. Vivyo hivyo mtoto hutengwa kwa ajili ya kusaidiwa, si kwa ajili ya kuondolewa. Mtoto kiziwi au kipofu anaweza kuhitaji shule ya pekee iliyo mjini, yenye walimu wanaojua ishara au maandishi ya nukta. Hilo ni jema, mradi asitupwe huko kama mzigo, na likizo arudi kwa jamaa zake, ambao nao wajifunze ishara zake. Wengine wengi wanaweza kusoma katika shule ile ile ya kijiji, kama wakisaidiwa.

Wala hiyo si sadaka anayoombewa. Katiba ya nchi ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima, na ni ya bure katika shule za serikali. Tangu mwaka wa masomo 2019-2020 serikali ilianza kutekeleza masomo ya bure. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu, na masomo ni mojawapo ya haki hizo. Shule nyingi zinazoitwa za misioni ni shule za serikali zilizowekwa mikononi mwa Eklezia kwa makubaliano ya mwaka 1977. Basi zinafungwa na sheria hizo, tena zinafungwa na Injili. Direkta akimrudisha mtoto kwa sababu ni mlemavu, wazazi wasiondoke kimya. Waende kwa komite ya wazazi, waende kwa paroko. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wazazi watano wakienda pamoja husikilizwa kuliko mmoja.

Tena kuna shule moja isiyoweza kumkataza mtoto huyo kamwe, nayo ni katekisimu. Sheria ya Eklezia ya mwaka 1983, kanuni ya 777, inamwagiza paroko aangalie kwamba wenye ulemavu wa mwili au wa akili wanafundishwa dini kadiri ya hali yao. Na yule ambaye akili yake haifiki kiasi cha kujiamulia huhesabiwa kama mtoto mchanga kwa habari ya Ubatizo; aweza kubatizwa katika imani ya Eklezia na ya wazazi wake. Mtakatifu Fransisko wa Sales, Askofu wa Geneva, alimkuta kijana kiziwi aitwaye Martin, akamfundisha yeye mwenyewe kwa ishara hata akampa Komunyo. Askofu mwenye kazi nyingi alipata nafasi. Mkatekista wa kijiji naye ataipata.

Si kila mtoto atafunguliwa masikio katika dunia hii. Mzazi asimwendee nabii wa uongo anayeahidi muujiza kwa kumfungisha mtoto njaa au kumtia pilipili machoni. Hiyo si kazi ya Mungu. Effata ya leo yaweza kuwa kidole kinachofuata nukta katika karatasi, ishara ya mkono inayoeleweka, au jina la Yezu ambalo mtoto mzito ameliandika mwenyewe baada ya miezi minne. Mbinguni hufurahiwa neno hilo moja, wala haiulizwi kama limechelewa.

MAULIZO KWA WAKATEKUMENI

Ni nani waliomleta kiziwi kwa Yezu?
Ni majirani zake. Yeye hakuweza kuja bila wao.

Je, ulemavu wa mtoto ni adhabu ya dhambi au kazi ya ulozi?
Sivyo. Yezu mwenyewe alikataa kwamba kipofu au wazazi wake walitenda dhambi. Sababu zitafutwe katika kituo cha afya.

Mzazi afanye nini akiona mtoto hafuati masomo?
Asimpige wala asimfiche. Amchunguze, ampeleke kwa waganga, aongee na mwalimu, na arudi shuleni naye.

Mwalimu afanye nini?
Amketishe karibu, amfundishe kwa mlango ulio wazi, na asimfanyie dhihaka.

Azimio la juma hili ni lipi?
Kila mkatekumeni amtafute katika kijiji chake mtoto mmoja asiyekwenda shule au anayeketi nyuma darasani, ajue jina lake, aingie nyumbani kwao, na azungumze na wazazi wake kabla ya Jumapili.